Gari Lililofiwa na Jina Lake

Katika mkoa wa Simiyu mwaka wa mkulima hupimwa kwa pamba. Malipo ya pamba yapatikanapo, baadhi ya watu hununua ng'ombe, wengine hununua bati za kuezekea nyumba, na wachache, wakiwamo walimu na wafanyabiashara wa Bariadi, Maswa na Lamadi, hununua gari. Gari hilo aghalabu si jipya. Limekwisha kutumika Japani kwa miaka kumi au zaidi, likavuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha likafunga safari ndefu ya bara hadi Usukumani. Mnunuzi huitazama rangi, huisikiliza injini, huukagua mpira wa tairi na kuipigania bei. Ni mara chache aulizapo swali lililo muhimu kuliko yote hayo: aliyeliunda gari hili yungali akiliunda? Na kama ameacha, ni nani mwenye habari zake?

Swali hili si la matajiri peke yao. Gari la Bariadi hubeba mgonjwa usiku, hupeleka mbegu shambani, hulipa karo ya mtoto. Likisimama kwa kukosa kifaa kimoja, mali ya miaka kadhaa ya jasho hugeuka banda la kuku. Kwa sababu hiyo yafaa historia ya jina moja la Kimarekani lililokufa ichunguzwe, kwani ina mafunzo kwa fundi, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi wa Tanzania.

Kuzaliwa na kufa kwa Pontiac

Pontiac alikuwa mkuu wa kabila la Waodawa, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, aliyewaongoza watu wake katika vita dhidi ya Waingereza mwaka 1763. Mji mmoja wa jimbo la Michigan ukapewa jina lake. Katika mji huo, mwaka 1907, iliundwa kampuni ya magari iliyoitwa Oakland. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo ilimezwa na General Motors, na mwaka 1926 ilitoa gari la bei nafuu lililopewa jina la Pontiac. Gari hilo lilipendwa kuliko magari ya mama yake. Mwaka 1931 jina la Oakland lilifutwa, na mtoto akairithi nyumba.

Kwa miaka mingi jina la Pontiac lilistawi. Mwaka 1964 wahandisi wake walichukua injini kubwa, yenye ujazo wa lita zipatazo 6.4, wakaifunga katika gari la umbo la wastani, wakaliita GTO. Vijana wa Marekani walilishangilia. Lakini mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani kote, mapenzi ya injini kubwa yalianza kuwa mzigo. Katika miaka iliyofuata General Motors ilifanya jambo lililoonekana la busara katika hesabu: iliunda gari moja, ikalibadilisha taa na sura ya mbele, kisha ikaliuza kwa majina mbalimbali. Mnunuzi alipotambua kwamba Pontiac na Chevrolet ni ndugu wa tumbo moja, hakuona tena sababu ya kulichagua jina moja na kuliacha jingine.

Mwisho ulikuja upesi. Tarehe 27 Aprili 2009 General Motors ilitangaza kwamba jina la Pontiac litaondolewa. Tarehe 1 Juni mwaka huo kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mikataba ya wauzaji wa Pontiac ilikwisha mwezi Oktoba 2010. Majina mengine ya nyumba hiyo hiyo, Saturn na Hummer, yalizikwa katika kipindi hicho hicho, na Oldsmobile lilikuwa limekwisha kutangulia mwaka 2004. Kwa hiyo yule asemaye kwamba usalama wa mnunuzi umo katika ukubwa wa kampuni na aitafakari habari hii. General Motors ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kupita zote duniani, na ukubwa huo haukuyaokoa majina yake.

Mmarekani aliyekuja kwa jina la Kijapani

Msomaji wa Bariadi aweza kusema kwamba habari za Pontiac ni za mbali, kwa kuwa magari ya Kimarekani yana usukani wa kushoto na ni nadra kuonekana katika barabara za Tanzania. Jambo hilo ni kweli nusu tu. Mwaka 1984 General Motors na Toyota zilianzisha pamoja kiwanda huko Fremont, jimbo la California. Kutoka katika kiwanda hicho, tangu mwaka 2002, lilitoka gari lililoitwa Pontiac Vibe. Baadhi ya magari hayo yaliwekwa usukani wa kulia, yakabandikwa alama ya Toyota, yakapelekwa Japani na kuuzwa kwa jina la Toyota Voltz hadi mwaka 2004. Baada ya kutumika huko, idadi fulani ya Voltz ilisafirishwa tena ikafika Afrika ya Mashariki, ambako wengi huiona kuwa ni Toyota kama Toyota nyingine.

Kwa hiyo gari lililozaliwa California huweza kulimwa barabara ya vumbi ya Usukumani bila mwenye nalo kujua asili yake. Jina la Voltz lilikoma Japani mwaka 2004. Ndugu yake, Vibe, alikoma mwaka 2009. Kiwanda chenyewe kilifungwa tarehe 1 Aprili 2010, na mwaka huo huo jengo lake likanunuliwa na Tesla, waundaji wa magari ya umeme. Voltz basi ni yatima mara tatu: amefiwa na jina, amefiwa na ndugu, amefiwa na nyumba alimozaliwa.

Hata hivyo yatima huyu hutembea. Kwa nini?

Kilicholiua jina ndicho kilicholiokoa gari

Jibu limo chini ya boneti. Injini ya kawaida ya Voltz ni ile ijulikanayo kwa alama 1ZZ-FE, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,794. Injini ya aina hiyo hiyo ilifungwa katika baadhi ya magari ya Toyota Corolla, Allion, Premio, Wish na RAV4 ya miaka hiyo. Fundi wa Mwanza au wa Bariadi ambaye hajapata kulisikia jina la Pontiac maishani mwake anaijua injini hiyo kama aujuavyo mlango wa nyumba yake. Filta ya oili, plagi, pampu ya maji na vinginevyo vya injini hupatikana madukani, kwa sababu havikuundwa kwa ajili ya gari moja tu.

Lakini mambo hubadilika gari likigongwa. Taa ya mbele, bampa, kioo cha mlango wa nyuma na vipande vya bodi vya Voltz havifanani na vya Corolla wala vya Allion. Hapo mwenye gari huanza kupiga simu Mwanza, kisha Gerezani jijini Dar es Salaam, na mwisho huridhika na taa ya gari jingine iliyochongwa ikalazimishwa kukaa. Wenye magari ya Pontiac huko Marekani wamepitia njia hiyo hiyo: vifaa vya injini na breki huvipata bila taabu, kwa kuwa Chevrolet ingali ikiuzwa, ila mapambo, taa na vipande vya bodi huvisaka katika mabohari ya magari mabovu.

Hapa pana kanuni ambayo kila mwanafunzi yampasa aishike. Jambo lile lile lililoliua jina la Pontiac, yaani kuchangia vifaa na magari mengine, ndilo linaloyahifadhi magari yake hadi leo. Kwa muuza magari, kufanana ni hasara, kwa maana humnyima mnunuzi sababu ya kuchagua. Kwa mwenye gari, kufanana ni bima. Kifaa kinachoingia katika magari kumi hakifi kwa kufa kwa gari moja.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa viwango vya kimataifa. Beringi yenye namba 6204 ina kipenyo cha ndani cha milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14, iwe imetengenezwa Uswidi, Japani au China. Fundi aijuaye namba hiyo hahitaji kuuliza kampuni iliyounda mashine inaishi au imekufa. Lakini kufanana kwa umbo hakutoshi. Bolti mbili zaweza kulingana kwa urefu, unene na uzi, moja ikiwa na alama 4.6 kichwani na nyingine 8.8. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa kwa 100 huonyesha nguvu ya kuvutwa ambayo chuma hicho huhimili kabla ya kukatika, kwa nyutoni katika kila milimita ya mraba. Bolti ya kwanza ni ya 400, ya pili ni ya 800. Anayeweka ya kwanza mahali pa ya pili katika mfumo wa usukani ameweka nusu ya nguvu inayohitajiwa, na kosa hilo halionekani kwa macho mpaka siku ya ajali. Somo hili laweza kufundishwa kwa bolti mbili zilizookotwa gerejini, bila kusubiri maabara ya fedha nyingi.

Habari zisizovuka bahari

Ukosefu wa taa au bampa ni usumbufu. Ukosefu wa habari ni hatari. Mwaka 2014, miaka minne baada ya Pontiac kuondoka sokoni, General Motors iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa. Swichi ya ufunguo ilikuwa dhaifu: iliweza kuteleza na kuizima injini gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa ya usalama isifumuke wakati wa ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Miongoni mwa magari yaliyoitwa yalikuwamo Pontiac za aina ya G5 na Solstice. Jina lilikuwa limekufa, lakini wajibu ulikuwa ungali na mtu wa kudaiwa, na wenye magari walipata barua.

Mfano wa pili unaigusa Tanzania kwa karibu zaidi. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda mifuko ya hewa kwa ajili ya magari ya kampuni nyingi. Ili mfuko ujae ghafula, ilitumia baruti ya amonia naitreti, kemikali iliyo pia katika baadhi ya mbolea. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika unyevu, huku ikipata joto mchana na baridi usiku, vidonge vyake hupasuka na kuwa unga. Mwanafunzi wa kemia anajua kinachofuata: eneo la uso likiongezeka, mmenyuko huenda kasi. Baruti huwaka upesi kupita kiasi, shinikizo hushinda uwezo wa kopo la chuma, nalo hupasuka na kurusha vipande kuelekea kwa dereva au abiria. Vifyatuzi vipatavyo milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, na Takata ilifilisika mwezi Juni 2017. Pontiac Vibe na Toyota Corolla za miaka ya mwanzo ya karne hii zilikuwamo katika orodha.

Sasa na itafakariwe safari ya barua ya onyo. Barua hupelekwa kwa mwenye gari aliyeandikishwa. Gari likiisha kuuzwa mnadani Japani na kupakiwa melini, barua hubaki nyuma. Mwenye gari wa nne, aishiye Itilima au Meatu katika joto la ukame, haletewi kitu. Ameketi mbele ya kopo la chuma ambalo mwundaji wake amekiri kuwa ni la hatari, naye hana habari. Gari lilivuka bahari. Maarifa yake hayakuvuka. Huo ndio upungufu mkubwa kuliko wa spea.

Mashine zisizofunguka

Tatizo hili halipungui kadiri miaka inavyokwenda, bali linabadilika sura. Mwezi Juni 2024 kampuni ya Kimarekani ya Fisker, iliyouza gari la umeme liitwalo Ocean, ilifilisika baada ya magari zaidi ya 10,000 kuundwa. Wenye magari hayo hawakulia taa na bampa peke yake. Sehemu kubwa ya utendaji wa gari lao ilitegemea programu, na programu ilitegemea mitambo ya kompyuta iliyokuwa mikononi mwa kampuni iliyokufa. Iliwabidi waunde umoja wao, watafute wataalamu na kujifunza wenyewe namna ya kuliokoa gari. Injini ya Voltz hufunguka kwa spana. Kompyuta iliyofungwa kwa ufunguo wa siri haifunguki kwa spana yoyote.

Tanzania nayo imekwisha kupata somo la namna hiyo katika kilimo. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Ursus ya Polandi, uliohusu matrekta 2,400 ya kuunganishwa Kibaha na kuuzwa kwa wakulima. Ursus ilikuwa kampuni ya kale, iliyoanzishwa Warsaw mwaka 1893. Mwaka 2021 mahakama ya Polandi ilitangaza kufilisika kwake, na mwaka 2024 mali yake na jina lake vikanunuliwa na mmiliki mwingine. Umri wa zaidi ya karne haukuwa kinga. Trekta lililokwisha kulipiwa na mkulima liliendelea kudai klachi, pampu na filta, bila kujali mahakama ya Polandi imesema nini.

Watu walipotembelea maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, kuanzia mwaka 2018, waliziona mashine nyingi za kila rangi. Ni dhahiri kwamba baadhi ya majina yaliyoandikwa juu ya mashine za namna hiyo hayatakuwapo baada ya miaka ishirini. Hilo halina ubaya, kwa kuwa kampuni huzaliwa na kufa. Ubaya ni kununua kana kwamba hazifi.

Yapasayo kufanywa

Wako wasemao kwamba dawa ni kuyapiga marufuku magari makuukuu. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu moshi na usalama, lakini humsahau mwalimu wa Busega na mkulima wa Maswa, ambao mshahara na pamba yao havifiki bei ya gari jipya. Tena gari jipya nalo laweza kufiwa na kampuni yake, kama wenye Fisker walivyoona. Wako pia wasemao kwamba mafundi wa mitaani wanajua yote na hawahitaji vitabu. Ustadi wa mafundi hao ni wa kuheshimiwa sana. Lakini fundi ajuaye kwamba pampu ya gari hili huingia katika gari lile ameyaweka maarifa hayo kichwani. Akihama au akifa, huenda nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ni mali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari. Shule za sekondari na vyuo vya ufundi mkoani Simiyu vingeweza kushirikiana na gereji zilizo jirani kuandika orodha ya vifaa vinavyobadilishana: namba ya beringi, vipimo vya oilsili, alama ya injini, gari linalotoa na gari linalopokea. Mwanafunzi mwenye kalipa na penseli aweza kuifanya kazi hii, na katika kuifanya atajifunza upimaji, hisabati na tabia ya metali kuliko kwa kukariri. Orodha hiyo isiwe ya siri ya shule moja. Ibandikwe, isahihishwe, isambazwe.

Hatua ya pili ni ukaguzi wa habari. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini: breki, taa, usukani. Ingefaa sana namba ya chesisi ya kila gari nayo ilinganishwe na orodha za magari yaliyoitwa kurekebishwa, na mnunuzi apewe jibu kwa maandishi kwa lugha ya Kiswahili. Chuma hukaguliwa. Historia ya chuma hicho nayo ikaguliwe. Hadi hapo, mwenye gari mwenyewe anaweza kuitafuta namba hiyo katika orodha ambazo waundaji huzitangaza, na mwalimu mwenye intaneti shuleni anaweza kumsaidia. Onyo moja halingoji hatua yoyote: kifyatuzi cha mfuko wa hewa kisifunguliwe wala kugongwa gerejini, kwa maana ni baruti.

Hatua ya tatu inahusu mikataba ya umma. Serikali, halmashauri au chama cha ushirika kinaponunua mashine nyingi kwa mpigo, kina nguvu ambayo mnunuzi mmoja hana. Nguvu hiyo itumike kudai michoro ya vifaa, orodha ya namba zake, zana maalumu za kufungulia, na funguo za programu zihifadhiwe nchini katika taasisi ya kuaminika, zitolewe kwa mafundi siku mwundaji atakapoacha kazi. Bei ikipanda kidogo kwa sababu ya sharti hilo, ni bei ya bima.

Na mnunuzi wa kawaida, aliyeshika malipo ya pamba mkononi, anahitaji maswali matatu tu kabla ya kutoa fedha. Injini hii imo katika magari gani mengine yaliyo hapa? Taa na vioo vyake vinapatikana wapi? Namba yake ya chesisi imepata kuitwa? Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali hayo anauza chuma bila maarifa yake.

Pontiac haikumjua mkulima wa Simiyu, wala mkulima huyo hakuijua Pontiac. Hata hivyo gari lake lingali likipanda mlima wa Bariadi kwa sababu mafundi wa nchi hii wanaijua injini iliyomo ndani. Kazi iliyosalia ni kuyatoa maarifa hayo vichwani na kuyatia darasani, ili mwanafunzi wa leo asije akawa mtu wa kuusukuma tu mzigo ambao mwenzake wa mbali aliuunda, akauuza, kisha akaufunga mlango wa kiwanda na kwenda zake.